Adui Tuliyemzoea



Wiki hii sikukusudia kuandika juu ya stima. Nilikuwa nimetayarisha maneno machache juu ya malezi, na karatasi zake bado ziko mezani. Lakini yapo mambo ambayo mtu akiyanyamazia huwa kama aliyeficha ushahidi, na ushahidi wenyewe unanihusu mimi. Nitausimulia kama ulivyokuwa, pamoja na fungu langu la makosa, kwani mwalimu anayewasahihisha wanafunzi kila siku hana budi naye kukubali kusahihishwa.

Mwaka jana, msimu wa baridi, nilikaa miezi miwili Nairobi, mtaa wa Hurlingham, kwa binti yangu na mumewe. Nyumba yao iko orofa ya nne, hatua chache kutoka barabara ya Argwings Kodhek. Niliitwa nimsomeshe Qur'ani mjukuu wangu wa miaka tisa, na pamoja naye watoto wengine wanane wa familia za Pwani zilizohamia huko kwa ajili ya kazi. Baada ya Alasiri tulitandika mkeka sebuleni na sauti za watoto zikajaa nyumba mpaka karibu na Magharibi.

Sisi watu wa Mombasa hatuna mazoea ya kuchemsha maji ya kuoga. Mtu hufungua bomba akaoga, na mwezi wa Februari hutamani maji yawe baridi zaidi kuliko yalivyo. Nairobi mwezi wa Julai ni jambo jingine. Maji ya alfajiri huko humfanya mtu mzima asimame mbele ya bomba akiitafuta nia ya udhu kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea. Ndiyo sababu nyumba nyingi za Nairobi zina ile shawa ya umeme, kibuyu cha plastiki kilichofungwa juu ya kichwa cha mwenye kuoga, ndani yake mna koili inayoyapasha maji moto yanapopita. Mwanamke anayehama kutoka Kisauni au Majengo hukutana nayo kwa mara ya kwanza siku anayokabidhiwa funguo za nyumba, wala hapana anayemweleza kitu ila kwamba swichi iko nje ya mlango.

Shawa ya nyumba ile ilikuwa na mtekenyo. Ukigusa bomba la chuma huku maji yanatiririka, vidole vilihisi kama vimepitiwa na sisimizi. Binti yangu alinionya siku ya kwanza. "Baba, vaa kandambili za mpira, na ukifunga bomba tumia kitambaa kikavu." Mkwe wangu alikuwa na njia yake: alifunga maji kwa fimbo ya ufagio. Mjukuu wangu aliruka akitoka, akicheka. Kila mmoja alikuwa amejifunza namna ya kuishi na lile jambo, wala hapana aliyejifunza kuliondoa. Mwenye nyumba alikuwa ameambiwa kwa simu, akajibu kwamba wapangaji wengine hawalalamiki.

Na mimi, baada ya siku tatu, nilizoea. Nilisema moyoni, hili ni dogo.

Palikuwa na mtu wa tano katika nyumba ile. Alikuwa binti wa miaka kama ishirini hivi, kutoka upande wa Kwale, aliyekuwa akisaidia kazi za nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia bafuni mara nyingi kutushinda sote, kwani alifua humo, akajaza ndoo za kupigia deki, akasugua sakafu. Kandambili za mpira zilikuwa jozi mbili, nazo zilikuwa za wenye kuoga. Yeye alipofua alikuwa peku.

Siku moja alinijia baada ya darsa, akasimama kwa adabu pembeni ya mlango. Akasema, "Ustadhi, lile bomba leo limenirusha mpaka begani." Nakumbuka vizuri jibu langu, na laiti ningeweza kulisahau. Nilimwambia, "Sema Bismillahi unapoingia, mwanangu, na ujikaushe mikono." Akaitikia, "Inshallah, Ustadhi," akaenda zake. Nikarudi kwenye kitabu changu.

Siku nne baadaye, kiasi cha saa kumi na nusu jioni, watoto wa majirani walikuwa hawajafika. Mjukuu wangu alikuwa akinisomea Suratul-Mulk. Nikasikia ndoo imeanguka, kisha sauti ambayo haikuwa ukelele. Ilikuwa mgumio, mfano wa mtu anayejaribu kusema huku meno yameumana. Nilikimbia. Mlango wa bafu ulikuwa wazi. Binti yule alikuwa amesimama nusu ameinama, nguo za kufua chini, maji yametapakaa, na mkono wake wa kulia umelishika bomba. Umeme ulikuwa umeukaza mkono ule, na yeye hakuwa na uwezo wa kuufungua. Macho yalikuwa wazi yakitutazama.

Nilinyosha mkono kumvuta. Hivyo ndivyo maumbile yanavyomwamuru mtu anapomwona mwenziwe anaangamia. Nyuma yangu mtoto alipiga kelele, "Babu, usimguse!" na kabla sijaelewa alikuwa amekwisha kuizima ile swichi iliyo nje ya mlango. Binti akaanguka. Shuleni kwao walikuwa wamefundishwa hivyo: usimguse mtu aliyeshikwa na stima, kata stima kwanza. Mimi nimesoma fiqhi na nahau na mirathi kwa miaka mingi, wala sikuwahi kufundishwa jambo hilo. Lau mkono wangu ungefika, angekuta maiti wawili mtoto yule.

Alhamdulillahi, alikuwa akipumua. Jirani wa orofa ya tatu alitushushia gari, tukampeleka hospitali. Madaktari walimlaza usiku kucha, kwani umeme ukipita kifuani huweza kuuvuruga moyo hata baada ya mtu kuinuka na kusema hajambo. Kiganjani palikuwa na alama ya kuungua yenye ukubwa wa sarafu, na chini ya kisigino alama nyingine, ndogo zaidi. Daktari alieleza kwamba umeme uliingilia mkononi na kutokea mguuni.

Alipokuja fundi mwenye leseni akaifungua ile shawa, alituita tutazame. Koili ilikuwa imepasuka, ikivujisha umeme ndani ya maji yenyewe. Waya uliotumika ulikuwa mwembamba, wa kutilia taa, nao umebabuka na kukauka kama ganda la muwa kwa kubebeshwa mzigo usio wake. Na ule waya wa rangi ya kijani na manjano, waya wa ardhi, ulikuwepo. Ulikuwa umekatwa mfupi na kukunjwa nyuma ya kifuniko, haukuunganishwa na kitu chochote. Mtu aliyeifunga shawa ile aliona kazi ya waya ule ni usumbufu, akauficha.

Nilimwomba fundi anieleze taratibu, kama anavyoelezwa mtoto wa chuo, nami nayaeleza hapa kama nilivyoyafahamu.

Umeme wa majumbani mwetu Kenya ni wa volti 240. Huingia katika kifaa kwa waya mmoja, ukafanya kazi, ukarudi kwa waya wa pili. Ukivuja njiani, hutafuta kushuka ardhini kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Waya wa ardhi ni kama mfereji tunaouchimba ubavuni mwa nyumba ili maji ya masika yasiingie ndani. Umeme uliovuja hupita humo, na kwa kawaida fyuzi hukatika. Pasipo na mfereji, maji huingia nyumbani. Na pasipo na waya wa ardhi, umeme hungoja mtu aje aguse. Mwili uliolowa na mguu ulio peku juu ya sakafu ya maji ni njia nzuri mno kwake.

Nikamuuliza, "Na fyuzi je, si ipo?" Akatabasamu. Fyuzi ya plagi zetu zenye miguu mitatu ya mraba mara nyingi ni ya ampea 13. Ampea moja ni miliampea 1,000. Kiasi cha miliampea 10 hivi zinatosha kuukaza mkono usiweze kuachia, na kiasi cha 100 zikipita moyoni zinaweza kuusimamisha. Kwa hiyo mtu anaweza kufa mara nyingi kabla fyuzi haijahisi chochote. Fyuzi imewekwa kuulinda waya usishike moto, haikuwekwa kumlinda mwanadamu. Kinachomlinda mwanadamu ni waya wa ardhi, pamoja na kifaa kingine kinachofungwa kwenye ubao wa swichi kuu, ambacho hukata umeme wenyewe mara tu miliampea 30 zinapovuja. Kina kitufe kidogo cha kujaribia. Ndani ya nyumba ile hakikuwepo. Sasa kipo, na binti yangu hukijaribu kila mwanzo wa mwezi.

Ndugu zangu, umeme si mgeni kwetu Pwani. Historia ya umeme wa Kenya yenyewe huanzia kwetu: mwaka 1908 Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, aliichukua mashine ya umeme iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, ikawa chanzo cha kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya kuiletea Nairobi umeme, na mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaunganishwa kuwa moja. Wazee wetu waliuita kwa jina la kile kinachomulika mawinguni kabla ya radi. Walikiita kitu kwa jina linaloogopesha. Sisi tukaja tukauita stima, tukauweka jikoni na chumbani, ukawa kama mtumishi, tukasahau kwamba ni umeme ule ule.

Katika siku zile za kungoja hospitalini nilirejea hadithi ambazo nimezisomesha miaka thelathini bila kuziona. Imepokewa kwa Abu Musa al-Ash'ari (RA) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume wetu (SAW) alipopewa habari aliwafahamisha Masahaba kwamba moto huu ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapolala. Na katika upokezi wa Jabir (RA) imetajwa sababu: kipanya huenda akauvuta utambi wa taa akawaunguza watu wa nyumba. Abu Daud naye amepokea kwamba panya aliwahi kuuburura utambi akautupa juu ya kijamvi alichokuwa amekalia Mtume (SAW) mwenyewe, ukaunguza mahali pa ukubwa wa dirhamu. Dirhamu ni sarafu. Nilipofika hapo nilikumbuka kiganja cha binti yule, nikafunga kitabu.

Tazama jinsi mafundisho haya yalivyo karibu nasi. Wako wanaodhani kwamba kuzima taa ni adabu ya zama za mafuta na tambi, na kwamba hukumu yake imekwisha kwa kuja balbu. Sababu aliyoitaja Mtume (SAW) ingalipo: kitu kidogo, kisichokusudia shari, humgusa adui aliyeachwa macho. Panya wa leo hutafuna ganda la waya darini. Na tarehe 7 Juni 2016 nchi yetu nzima ilitiwa gizani na tumbili mmoja, aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Majumba na biashara milioni 4.7 zilikosa umeme, na tumbili mwenyewe akasalimika. Tulicheka sana siku ile. Nadhani tulipaswa kucheka kidogo na kutafakari zaidi.

Na wanaoishi katika majumba marefu kama yale ya Hurlingham wakumbuke yaliyotokea London usiku wa tarehe 14 Juni 2017. Katika jumba la Grenfell, lenye orofa 24, moto ulianzia kwenye jokofu la jikoni katika orofa ya nne, ukatoka dirishani, ukapanda kwa ukuta wa nje uliofunikwa kwa vitu vinavyoshika moto. Walikufa watu 72, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Baadhi ya wakazi Waislamu walikuwa macho kwa ajili ya ibada na daku, wakawagongea majirani zao milango, na wako waliookoka kwa kugongewa huko. Kukesha kwa ibada kuliokoa roho za watu wa kila dini.

Sitaki mtu adhani kwamba hatari imo ndani ya nyumba tu. Huko Kinshasa, tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulikatika ukaangukia soko la Matadi-Kibala asubuhi yenye maji ya mvua. Walifariki watu 26, wengi wao wanawake waliotoka majumbani mwao kutafuta riziki ya watoto. Ukiuona waya umeanguka barabarani, basi si fimbo wala kandambili itakayokufaa. Kaa mbali sana, wazuie watoto na wapita njia, upige simu.

Binti yule alipotoka hospitali, wageni walikuja kumpa pole, na ulimi wa kila mmoja ulikuwa juu ya neno kadari. Nami naamini kadari, na kuiamini ni nguzo ya imani. Lakini nilijiona nikikimbilia nyuma ya neno hilo kama mtu anayejificha nyuma ya pazia. Sayyidna Umar (RA) alipoelekea Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (RA) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuielekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Na yule aliyemuuliza Mtume (SAW) juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee. Mimi nilimwambia binti yule ategemee, na ngamia sikumfunga. Bismillahi ni baraka na kinga, lakini haikuteremshwa iwe mahali pa waya wa ardhi.

Kabla hajaondoka kurudi kwao niliomba kuzungumza naye, mbele ya binti yangu. Nikamwambia, "Mwanangu, uliniambia, nami sikukusikiliza. Nisamehe." Aliinamisha macho akasema, "Ustadhi, mimi nilidhani ni woga wangu tu. Niliona nyote mnaingia mnatoka, hamsemi kitu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Ukimya wetu ulimfundisha kuyakana yale ambayo mwili wake ulimwambia wazi. Sisi tulikuwa na kandambili, na fimbo ya ufagio, na haki ya kupiga simu kwa mwenye nyumba na kushikilia neno letu. Yeye alikuwa na miguu mitupu na heshima. Mtume (SAW) alimfundisha Abu Dharr (RA) kwamba hao wanaotutumikia ni ndugu zetu, waliowekwa chini ya mikono yetu, tuwalishe tulacho na tuwavishe tuvaacho. Mimi nimelisomesha somo hilo mara nyingi, na kila mara nilidhani mavazi ni kanga na baibui. Sikujua kwamba yangeweza kuwa kandambili za mpira.

Tulilipa gharama za hospitali na mshahara wake wa miezi ya kuuguza mkono. Nasema hayo si kwa kujisifu, kwani ilikuwa deni. Kidole chake cha pete hakikunji sawasawa hadi leo. Tulimwomba arudi kazini, akakataa kwa upole, nasi hatukumlaumu.

Na juu ya mafundi. Imepokewa katika hadithi kwamba mwenye kujitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu huwa ni mdhamini wa madhara atakayoleta. Kwa maoni yangu, fundi anayegusa nyaya bila elimu hayuko mbali na hukumu hiyo, na mwenye nyumba anayemwita kwa sababu ni rahisi naye ana fungu lake. Katika nchi yetu mafundi wa umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Muulize fundi leseni yake kabla hajapanda ngazi. Si kumvunjia heshima. Mbona daktari tunamuuliza, na mahari hatuandikishi ila kwa mashahidi?

Basi kwenu mama zetu na dada zetu, ambao ndio wenye kuijua nyumba kwa undani, nawaachia machache.

Kitu kinachotekenya, hata mara moja, zimeni na msikitumie mpaka kitazamwe. Hapana mtekenyo mdogo. Tofauti baina ya mtekenyo na mauti huenda ikawa ni kisigino kilicholowa. Soketi yenye joto, yenye alama nyeusi, au yenye harufu kama ya samaki aliyeoza au plastiki inayoungua, inaomba msaada. Msikilizeni pia anayewaambia, awe mtoto au msaidizi wa kazi.

Shawa ya umeme iwe na waya wake mnene peke yake kutoka ubao wa swichi, na waya wa ardhi uliofungwa kweli. Mwenye wasiwasi na apashe maji kwanza, kisha azime swichi ya nje kwa mkono mkavu, ndipo aingie kuoga kwa ndoo. Hayo ndiyo niliyoyafanya siku zote zilizobakia.

Tokeni kutawadha mikono mkaikaushe kabla ya kugusa swichi au jokofu. Misikitini, nyaya za feni na za vipaza sauti zisipite karibu na mahali pa udhu. Pwani hewa ya chumvi hula vyuma vya soketi kimyakimya, kwa hiyo nyumba iliyo karibu na bahari inahitaji kutazamwa mara nyingi zaidi.

Ekstensheni moja isibebeshwe birika, pasi na jiko kwa pamoja, hasa jioni za Ramadhani tunapokimbizana na adhana. Pasi ya kunyoshea kanzu itolewe plagi kabla ya kuipokea simu. Simu zisichajiwe chini ya mito ya watoto. Penye harusi na maulidi, nyaya zinazovutwa chini ya mahema zisipite penye maji wala penye miguu ya watu, na ziungwe na fundi, si na kijana mwenye bidii.

Na mkimkuta mtu ameshikwa na umeme, msimguse. Kateni umeme kwanza, kwa swichi au kwa swichi kuu. Ikishindikana, simameni pakavu, mmsukume kwa mti mkavu kama mpini wa ufagio. Kisha pigeni 999 au 112. Ikiwa hapumui, mtu aweke viganja katikati ya kifua chake akikandamize kwa nguvu na kwa haraka, kiasi cha mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita mpaka msaada ufike. Niliulizwa na mama mmoja kama mwanamume asiye maharimu anaweza kumfanyia mwanamke hivyo. Naam, anaweza, bali atawajibika ikiwa hapana mwingine, kwani dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kuokoa roho ni katika makusudio makubwa ya sharia.

Wafundisheni watoto hayo kama mnavyowafundisha dua ya kulala. Mimi nilifundishwa na mtoto wa miaka tisa, na jioni ile, tuliporudi hospitalini, yeye ndiye aliyeniuliza kama tutaendelea na Suratul-Mulk tulipoachia. Nikamwambia tutaanza mwanzo.

Leo usiku, kabla hujafumba macho, ipitie nyumba yako chumba kwa chumba. Zima kisichohitajika, toa plagi, funga mlango kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha ulale. Sunna hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,400, wala haihitaji gharama yoyote.

Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na waliomo ndani yake, awaponye walioumia, awarehemu waliotutangulia kwa moto na kwa umeme, na atusamehe pale tulipoambiwa tusisikie. Amin.

Wabillahi tawfiq.